Dola 140 kwa Tundu la Ubao

Juma lililopita nilikabidhiwa risiti ya dola 140 kwa kazi ya kuziba tundu ambalo ningeweza kulifunika kwa sarafu ya shilingi ishirini, pamoja na kurudishia kikalio kilichong'oka cha pezi, ule ulimi wa chini unaouongoza ubao majini. Kilichotengenezwa si gari wala jokofu. Ni ubao wa binti yangu wa kutelezea mawimbini, alioununua mtumba kwa fedha alizopata kwa kulea watoto wa jirani, na ambao uligonga mwamba pale Pleasure Point, hapa Santa Cruz, California. Dola 140 ni kama shilingi elfu kumi na nane za Kenya. Yeyote atokaye Lamu kama mimi, anayejua fundi hulipwa nini kwa kukalafati mashua nzima kuanzia omo hadi tezi, ataelewa kwa nini niliisoma risiti ile mara mbili kabla ya kutoa kadi.

Nilijaribu kupatana bei, kwa kuwa sijapata kununua kitu mkononi mwa fundi bila kupatana, na sikuona sababu ya kuanzia ukubwani. Fundi mwenyewe, mzee mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kisogoni na vumbi hadi kwenye kope, hakukasirika. Alinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: ufa una bei yake kwa kila inchi, kikalio cha pezi kina bei yake, na ubao ulioingia maji huongezewa gharama ya kukaushwa. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nikiona ni ghali, duka la mtaa wa pili linauza rezini, ule utomvu wa kiwandani unaokauka ukawa mgumu, na kitambaa cha faiba cha nyuzi za kioo, nikajifanyie mwenyewe nyumbani. Wapo wengi wafanyao hivyo, na baadaye humletea yeye zile mbao azitengeneze upya kwa bei kubwa zaidi.

Wanaokusudia kuja huku na waliweke akilini hili mapema, maana halisemwi na wale wanaorudi likizo na masanduku mazito: katika nchi hii vitu vyaweza kuwa rahisi, lakini mkono wa mtu ni ghali. Televisheni utaipata kwa mshahara wa siku chache. Fundi wa kuja kuitundika ukutani atakugharimu karibu sawa na hiyo televisheni. Ukija na ujuzi wa mikono uliothibitishwa kwa vyeti, usikubali mtu akushawishi kwamba kazi ya ofisini ndiyo heshima. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kazi ninayoiheshimu, na mzee yule wa mbao hunizidi kipato bila kuvaa viatu.

Siku ya kuuchukua ubao aliniacha niingie karakanani, na hapo hasira yangu ilianza kulegea. Ubao wa siku hizi, kwa asiyeujua, ni kiini cha povu gumu kilichochongwa kwa randa na msasa, chenye utepe mwembamba wa mbao unaopita katikati kutoka ncha hadi mkia ili usivunjike, kisha kikafunikwa kwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa rezini ikakauka kama kioo. Povu likipata maji hunyonya, huwa la manjano, na faiba huanza kubanduka juu yake. Kwa hiyo ubao uliotoboka hausubiri; huyo binti alikuwa ameuingiza majini mara kadhaa akiwa amebandika utepe wa gundi juu ya tundu, na mzee akaujua mchezo huo kwa kunusa tu. Aliukausha kwa siku nyingi, akakata povu lililooza, akajaza pengo kwa rezini iliyochanganywa na unga mwepesi, akalaza tabaka mbili za kitambaa, akapiga msasa wa kwanza mkwaruzo, wa pili laini, wa tatu kwa maji. Nilipitisha kidole mahali palipokuwa na tundu nikiwa nimefumba macho, sikupaona. Akanionya pia kwamba viini haviko aina moja: vipo vya poliyurethani na vipo vya polistairini, na ukimwaga rezini ya kawaida ya poliesta juu ya hicho cha pili, kinayeyuka mbele ya macho yako. Hicho hutaka rezini ya aina ya epoksi. Kila juma, anasema, huletewa ubao mmoja ulioyeyushwa na baba wa mtu.

Nilimwuliza kwa nini hakuna karakana nyingi kama yake, akanirudisha nyuma hadi tarehe 5 Desemba 2005. Siku hiyo Gordon Clark, ambaye kiwanda chake cha Clark Foam kusini mwa jimbo hili kilikuwa kikitoa sehemu kubwa mno ya viini vyote vilivyochongwa Marekani, alifunga milango bila kumpa mtu notisi. Sababu alizoandika zilihusu kemikali ya sumu iliyotumika kutengeneza povu, serikali iliyokuwa ikimfuatilia, na hofu ya kushtakiwa. Wachongaji waliamka hawana cha kuchonga, na bei za viini vilivyosalia zikaruka. Povu lilipatikana tena baadaye kwa watu wengine, lakini viwanda vya Thailand na China vilikuwa vimeshapata nafasi ya kujipanua, na leo mbao nyingi madukani zimetoka huko. Kilichowabakia mafundi wa hapa ni wateja wanaotaka ubao uliopimwa kwa mwili wao, na matundu, kwa sababu tundu halisafirishwi kwenda Asia.

Vumbi lile, lakini, lisimdanganye kijana anayesoma haya akadhani amepata mpango. Zipo karakana zinazochukua wageni wasio na vibali na kuwalipa taslimu kwa kupiga msasa siku nzima, nyingine bila barakoa ya maana wala feni ya kutoa hewa. Faiba inawasha ngozi, na mvuke wa rezini unaumiza kichwa na mapafu. Hakuna bima ya afya katika malipo ya namna hiyo, na ukiugua huna pa kudai.

Nikiwa pale nilimkumbuka mjomba wangu wa Matondoni, kijiji cha kwetu Lamu, ambaye amejenga majahazi tangu kabla sijazaliwa, kwa tezo, msumeno na keekee, bila mchoro wowote wa karatasi. Mteja akija kwake huhesabu mbao, huhesabu misumari na pamba ya kukalafatia, kisha hufika kwenye ujira na kusema, "Hapo fundi tusaidiane." Na mjomba husaidia. Husaidia hadi faida inabaki ni chakula cha mchana walichokula vibarua. Sijawahi kumwona akibandika bei ukutani, na nina hakika angefanya hivyo watu wangesema amepata kiburi. Ninaandika nikiwa na uchungu kidogo, kwa kuwa wengi wetu tunaosoma hapa tumewahi kuwa huyo mteja.

Hata mchezo huu wenyewe ulifika hapa ukiwa kazi ya mbao. Mwaka 1885 wana watatu wa ufalme wa Hawaii waliokuwa wakisoma California, David Kawānanakoa, Edward Keliʻiahonui na Jonah Kūhiō Kalanianaʻole, waliteleza kwenye mlango wa mto San Lorenzo juu ya mbao zilizopasuliwa kwa miti mikubwa myekundu ya hapahapa. Mwaka 2015 mbao mbili zinazoaminika kuwa zao zililetwa kutoka Honolulu zikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la mjini. Binti yangu aliwahi kuulizwa majini, na kijana aliyedhani wimbi ni shamba la urithi wake, kama huko kwao Afrika kuna bahari. Alimjibu kwamba babu zake walikuwa wakivuka bahari kwa upepo wa kaskazi na kusi kabla California haijawa na jina. Nilimkanya kwa ajili ya adabu, ila sikukanya kwa nguvu. Angeweza pia kumtajia Nick Gabaldón, kijana mweusi wa Santa Monica, ambaye alikuwa akipiga mikono kwa kilomita nyingi juu ya ubao wake hadi Malibu, na akafa huko mwaka 1951 alipogonga nguzo za gati.

Jambo moja nawasifu bila kinyongo: ufuo ni wa watu. Sheria ya jimbo hili inalinda njia ya umma ya kufika baharini hata mbele ya nyumba za mamilioni, na maskini wa Watsonville kama sisi, tunaoishi katikati ya mashamba ya stroberi kwa sababu kodi za Santa Cruz ni miongoni mwa zilizo ghali kupita zote Marekani, huegesha gari na kushuka ngazi bila kuulizwa na askari wa hoteli. Ndugu zangu wa Diani wananielewa.

Atakayekuja na mtoto mpenda bahari asinunue ubao mpya wa dola elfu moja. Anunue uliotumika, aukague juani, akwepe wenye madoa ya manjano karibu na nyufa, na aubonyeze kwa kidole gumba mahali pa kusimamia. Pakibonyea na kurudi, faiba imeachana na povu. Fedha zilizookolewa aziweke kwa suti ya mpira ya milimita nne kwa tatu, yaani unene wa nne kiwiliwilini na tatu mikononi na miguuni, kwa kuwa maji ya hapa ni baridi hata Julai, na suti kuukuu iliyopasuka magotini haimsaidii mtu. Jack O'Neill, aliyehamishia duka lake la vifaa vya mchezo huu hapa mwaka 1959, alijenga jina kwa suti hizo, na nimeelewa kwa nini hakukosa wateja. Nzuri inaanzia dola mia tatu, na mtoto hukua kila mwaka.