Kumbukumbu ya mradi: amplifaya ya transista moja, BC547 kwa betri ya volti 9

Kinachotakiwa ni kukuza mawimbi madogo ya sauti mara 40 hivi. Spika haimo kwenye mpango. Sababu iko chini. Transista ina miguu mitatu: mkondo mdogo unaoingia kwenye besi hutawala mkondo mkubwa unaopita kati ya kolekta na emita. Ukuzaji wa transista ni mara ngapi mkondo wa kolekta unauzidi ule wa besi.

Toleo la 1 (limetupwa). Rizista (kizuia mkondo) ya mega-omu 2.2 kutoka chanya hadi besi, ya kilo-omu 4.7 kwenye kolekta, emita moja kwa moja kwenye hasi. Kwa BC547B yenye ukuzaji wa 250, kolekta ilisimama volti 4.5, karibu nusu ya betri, ndipo panapotakiwa. Ikachomekwa BC547C yenye ukuzaji wa 500: kolekta ikadondoka hadi volti 0.2 na sauti ikafa. Mkondo wa besi haukubadilika, ila transista hii iliukuza mara 500 badala ya 250 na rizista ya kolekta ikala volti zote. Kundi B lina ukuzaji wa 200 hadi 450, kundi C 420 hadi 800, kwa hiyo sakiti inayotegemea namba hiyo ni bahati nasibu.

Toleo la 2. Hesabu ianzie kwenye emita. Mkondo wa kolekta miliampia 1. Emita ipewe volti 1, yaani rizista ya kilo-omu 1. Besi hukaa volti 0.65 juu ya emita, hivyo inahitaji 1.65. Inazipata kwenye rizista mbili zinazogawana betri: kilo-omu 68 kutoka chanya na kilo-omu 15 kwenda hasi. Hapo hupita takriban miliampia 0.1, mara kumi ya mkondo wa besi hata kwa transista dhaifu ya ukuzaji wa 100, ndiyo maana besi haiyumbi. Kolekta inabaki na rizista yake ya kilo-omu 4.7.

Vipimo kabla ya kuingiza sauti, betri ikiwa volti 9.0 kamili:
besi 1.59, emita 0.94, kolekta 4.6.

Transista ikibadilishwa, iwe ya ukuzaji wa 110 au wa 800, kolekta inacheza kati ya volti 4.9 na 4.5 tu. Mkondo ukitaka kupanda, emita nayo inapanda, nafasi kati ya besi na emita inabanwa, mkondo unarudi. Rizista hiyo ya kilo-omu 1 ndiyo yenye thamani kuliko zote kwenye ubao.

Ila ina bei yake: ukuzaji wa sauti unabaki mara 4.6 tu. Kapasita (hupitisha mawimbi ya sauti, huzuia mkondo wa betri) ya mikrofaradi 100 ikiunganishwa peke yake sambamba na rizista hiyo, ukuzaji unafika kama 165, lakini mawimbi yanapinda vibaya. Tulichoacha ubaoni ni kapasita hiyo ikifuatana na rizista ya omu 100, zote mbili sambamba na ile ya kilo-omu 1. Ukuzaji: 39. Mlango wa kuingilia una kapasita ya mikrofaradi 1, wa kutokea 10, upande wa chanya ukielekea kolekta.

Yaliyokwamisha. Kolekta ikisoma zaidi ya volti 7 na besi ikashuka hadi kama 1, transista imegeuzwa. BC547, ubapa ukikutazama na miguu chini, ni kolekta, besi, emita kutoka kushoto. Transista ya 2N3904 ni kinyume chake. Kolekta ikisoma 9 kamili, hakuna mkondo: angalia reli (mistari ya umeme ya pembeni) za bredibodi, yaani ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu; baadhi zimekatika katikati bila alama yoyote. Na kwenye mistari ya rangi ya rizista, kahawia-nyeusi-nyekundu ni kilo-omu 1, kahawia-nyeusi-chungwa ni 10. Chini ya taa ya njano zinafanana mno.

Sauti ya simu iingie kwa volyumu ya chini. Ikizidi milivolti 90 kwenye kilele, kolekta inagonga sakafu, yaani haiwezi kushuka zaidi, na muziki unakwaruza.

Spika ya omu 8 ikiunganishwa hapa ukuzaji unaanguka chini ya 0.1, kwa kuwa rizista ya kilo-omu 4.7 haiwezi kuisukuma. Kinachofuata ubaoni ni transista mbili za kutoa nguvu, BC337 na BC327.