Mpaka Shule ya Ng'ambo ya Mto

Barabara ya gari iliishia mtoni. Tukashusha mizigo, tukavuka kwa mtumbwi, kisha tukaanza kupanda mlima kwa miguu. Mwenzangu, mwalimu wa muziki, aliukumbatia mfuko wa ala zake asikubali mtu mwingine aubebe. Mimi nilibeba karatasi, na karatasi ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Kila niliposimama kuvuta pumzi nilizidi kuelewa kwa nini shule za mbali hukosa somo la sanaa: chochote kinachohitaji kubebwa, kiwe rangi au kinanda, huishia njiani.

Karibu nchi zote duniani zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na kifungu cha 31 kinamtambulia mtoto haki ya kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa. Hakikuwatenga walioko mlimani.

Shule tuliyoifikia ina walimu wawili kwa madarasa yote. Mwalimu mkuu alitupokea kwa furaha, akatukalisha, halafu akasema lililomkaa moyoni.

"Karibuni sana, walimu wenzangu. Ila ratiba yangu imejaa. Nikiwasomesha wadogo, wakubwa wanakaa bure. Nikiwageukia wakubwa, wadogo wanakaa bure. Hiyo sanaa niiweke wapi?"

Wengi wanaotaka kuzisaidia shule kama hii hufikiria vifaa kwanza. Yeye alikuwa anauliza habari ya muda, na swali lake lilistahili jibu kabla hatujafungua mzigo wowote.

Mwenzangu akamwomba kipindi cha hesabu cha siku iliyofuata, madarasa yote yakae pamoja. Tukakata mianzi, kila kipande kikiwa kimezibwa upande mmoja kwa fundo lake. Bomba la namna hiyo lenye nusu ya urefu wa lingine hutoa sauti ileile, ila oktava moja juu, yaani noti ileile iliyopanda kutoka do ya chini hadi do ya juu. Lenye theluthi mbili ya urefu, ukianza na do, linakupa so. Wadogo wakapewa nusu: wanakunja uzi katikati, wanapima, wanakata, wanapuliza. Wakubwa wakapewa theluthi mbili, kisha robo tatu, ambayo hutoa fa. Hakuna aliyekaa bure. Makosa ya kipimo yalisikika papo hapo, mwalimu hakuhitaji kusahihisha daftari hata moja.

Msichana mmoja bomba lake lilitoka refu kidogo, sauti ikawa chini. Badala ya kulikata tena alimimina maji kidogo ndani, sauti ikapanda, akaongeza tone baada ya tone mpaka ikakaa sawasawa na ya jirani yake. Hakuna aliyemfundisha kwamba maji yanafupisha safu ya hewa. Mwalimu mkuu aliinuka kwenye kiti, akamwendea, akamwomba arudie mbele ya wote. Nimehudhuria semina nyingi za ualimu wa sanaa. Sijaona somo lililonifurahisha kama lile.

Mchana tulitengeneza rangi. Udongo mwekundu hupata wekundu wake kwenye oksidi ya chuma, na ndio uliotumika katika michoro mingi ya kale ya mapangoni. Unachekechwa kwa kitambaa, unachanganywa na maji na utomvu wa mgunga, na utomvu huo ndio unaoshikisha hata rangi za maji za kiwandani.

Jioni nilimsimulia mwenyeji wetu habari za Hispania. Kati ya 1931 na 1936, chini ya uongozi wa mwalimu Manuel Bartolomé Cossío mpaka alipofariki mwaka 1935, walimu na wasanii walipeleka hadi vijiji vya mbali nakala za picha za Velázquez na Goya, maigizo na filamu. Vijijini waliacha maktaba ndogo, na kwingine gramafoni na santuri. Mwalimu mkuu alisikiliza, akauliza, "Na wao wakishaondoka, nani alikuwa anafundisha?"

Ndiyo maana naamini nauli ya kuzifikia shule kumi mara moja moja ni afadhali itumike kuirudia shule moja mpaka mwalimu wake asimame mwenyewe. Watoto wakionyeshwa kitu kizuri kisha wakaachwa, wanabaki na hamu isiyo na mlango. Mwalimu wao akijifunza, somo linabaki hata tusiporudi, na hesabu hailazimiki kupunguziwa kipindi.

Kabla ya kuondoka tulikaa naye juu ya azimio lake la kazi. Sehemu za hesabu, kama nusu na theluthi, zitafundishwa kwa mianzi, madarasa yote pamoja. Vipimo vya ujazo vitaingia kwenye kuchanganya rangi. Hakuomba ala, aliomba afundishwe kusikia tofauti ya sauti mbili zinazokaribiana. Tukamwachia msumeno, tupa na uma wa sauti wa La, chuma kinachogongwa kutoa noti isiyobadilika, mitetemo 440 kwa sekunde. Safari ijayo ni kwake tena, na mwalimu wa shule ya bonde la pili ameahidi kuja kwa miguu ajifunze pamoja naye.