Safari ya kuendesha mwenyewe, na safari ya kuachia usukani

Simba wa kwanza kuwa karibu nami maishani nilimpita bila kumwona. Ilikuwa Mikumi, mwezi wa Mei, nyasi zimesimama baada ya masika, na mimi nimekamata usukani wa IST yangu, macho yote chini nikikwepa madimbwi. Tulipofika kwenye bwawa la viboko, baba mmoja aliyekuja na familia yake akaniuliza, "Dada, wale simba wa pale kwenye mti ulioanguka mmewaona?" Ule mti tulikuwa tumeupita kama dakika kumi nyuma. Wanangu wawili wakanigeukia. Tukarudi mbio kadiri sheria ya hifadhi inavyoruhusu, tukaukuta mti na nyasi zilizolala, basi.

Siku ile nilitoka Tabata saa kumi alfajiri. Kimara, Kibaha, Mlandizi, foleni ya malori karibu na mzani wa Vigwaza, chai Chalinze, kisha Morogoro, Doma, hadi getini. Ni karibu kilomita 300, na barabara yenyewe ni ya kushindana na malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao mara nyingi kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Nilipigwa tochi mara moja, nikaandikiwa elfu thelathini. Haki yao, nilikuwa na 63.

Hesabu yangu ya mafuta ilitoka vizuri. Kwenda, kurudi na kuzunguka ndani ya hifadhi haikuzidi laki na nusu, na kiingilio cha Mtanzania mtu mzima kilikuwa hakifiki elfu kumi. Kampuni niliyoipigia kabla ya safari ilikuwa imeniambia laki na nusu kwa kila kichwa. Sisi tulikuwa wanne, mimi, baba watoto na watoto wawili. Ndiyo maana niliamua kuendesha, na mpaka leo silaumu uamuzi ule kwa upande wa pesa.

Nilichokosa kukihesabu ni kwamba dereva haoni mbuga. Anaona barabara. IST iko chini, nyasi za Mei ziko juu, na katika tambarare za Mkata udongo ule mweusi ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto. Saa nane mchana tulizama. Kushuka kwenye gari ndani ya hifadhi hairuhusiwi isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa hiyo tulikaa ndani, vioo vimefungwa nusu, watoto wanalia na kutoka jasho, hadi askari wa hifadhi walipopita na kamba wakatuvuta. Saa nzima na robo. Tulirudi usiku, nami sitaki tena kuiendesha barabara ile usiku na watoto nyuma: malori yanakuja na taa kali usoni, mengine yameharibika katikati ya njia na yamewekewa matawi tu kama alama. Tulifika nyumbani saa tano kasoro. Mwanangu mdogo aliulizwa na bibi yake ameona nini, akasema, "Twiga, na tope."

Basi safari iliyofuata nikasema naachia wengine. Mama yangu alikuwa mwalimu, na kazi yake ya kwanza alipangiwa milima ya Usambara, Lushoto. Alikaa huko miaka sita kabla ya kuolewa na hakurudi tena. Alipotimiza miaka sabini nilimuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka kuona Lushoto kabla miguu haijamkatalia. Nikapata watu wanaoandaa safari za makundi kwa Coaster, siku mbili, chakula na malazi ndani ya bei. Nikalipia viti viwili.

Tuliambiwa tukutane Mwenge saa kumi na moja alfajiri. Gari liliondoka saa mbili. Mama alikaa kwenye ngazi ya duka, mkoba mapajani, na hakulalamika, jambo ambalo liliniuma kuliko angelalamika. Njiani muziki ulikuwa juu kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza. Haya yote ningeyasahau. Lililobaki ni la Soni. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona nyingi, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na katikati ya kupanda unafika Soni, mji mdogo wenye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani. Mama alijisogeza dirishani. Akaniambia sikioni, "Hapa, mwanangu, hapa ndipo niliposhuka na sanduku langu la bati." Nikasimama, nikamwomba kijana aliyekuwa anaongoza kundi, "Kaka, tunaomba dakika tano tu." Akajibu kwa adabu kabisa kwamba wamechelewa, Irente wanatakiwa kufika kabla ya ukungu. Gari likapita. Mama aligeuza shingo mpaka kona ikaufunika mji.

Irente tulikaa kama dakika arobaini. Ni mahali pa ajabu: unasimama ukingoni mwa mwamba na chini yako nchi tambarare imelala mpaka macho yanachoka. Lakini dakika zile ziliisha kwa foleni ya kupiga picha. Shule aliyofundisha mama hatukuiona, maana haikuwa kwenye ratiba, na kwa kweli isingekuwepo kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Niliwaza sana baada ya hapo. Nilikuwa nimejiendesha mahali nilipohitaji macho ya mtu mwingine, na nikajifunga kwenye saa za watu mahali nilipohitaji kusimama nitakapo. Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, nauliza safari hii utamu wake uko wapi. Kama uko kwenye kuona kitu kinachojificha, natafuta mwenye macho yake. Kama uko kwenye kusimama, naendesha.

Mikumi tulirudi mwezi wa Septemba mwaka uliofuata, nyasi zimekauka na kulala, wanyama wamesogelea maji. Safari hii gari langu lilibaki Tabata. Tulipanda treni ya SGR ya alfajiri mpaka Morogoro, tiketi ya kawaida shilingi 13,000, na ndani ya saa mbili tulikuwa tumeshuka. Barabara iliyonila nusu siku na nguvu zote, watoto waliimaliza wakihesabu madaraja. Stesheni tulipokewa na mwongoza watalii akiwa na gari la juu, lenye paa linalonyanyuliwa. Gharama tuligawana na familia ya jirani yetu, kwa sababu bei ya gari ni ileile mkiwa watatu au saba. Hapo ndipo watu wengi wanaona safari za kuongozwa ni ghali: wanalipia gari zima wakiwa wawili.

Kabla ya kulipa nilimpigia simu nikamuuliza mambo machache. Watu wangapi kwenye gari? Kila mmoja ana dirisha lake? Dereva ndiye mwongozaji, na mara ya mwisho kuingia Mikumi ni lini? Kiingilio na chakula viko ndani ya ile bei? Nikaomba pia picha ya leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili. Alituma palepale. Niliyempigia kabla yake aliposikia neno leseni alisema atanirudia, na hakunirudia. Nikamuuliza huyu kama simba nitawaona. Akasema, "Dada, simba siwezi kukuahidi. Nakuahidi kuwatafuta." Nikalipa.

Naomba nisimulie namna alivyowatafuta. Tulikuwa tumekaa kimya mbele ya kundi la swala pala, watoto wameshaanza kuchoka na swala. Akazima injini. Mwanangu mkubwa akamuuliza mbona tumesimama kwa swala tena. Akamwambia, "Usitafute simba. Tazama swala wanatazama wapi." Wote, kama ishirini hivi, walikuwa wameelekeza nyuso upande mmoja, masikio mbele, hakuna anayekula. Dume mmoja alikuwa akikoroma kwa vipande, kama mtu anayekohoa na kunyamaza. Tukafuata macho yao hadi kwenye kichuguu chenye kivuli, umbali wa kama uwanja wa mpira. Sikuona kitu. Akasema tusubiri. Baada ya muda sikio likapunga nzi. Sikio moja tu, la rangi ya majani makavu, na palepale simba wawili majike wakajitokeza machoni mwetu ingawa hawakuwa wamesogea hata kidogo. Walikuwepo muda wote.

Gari likasogea taratibu kwa njia iliyoruhusiwa mpaka tukaona manyoya ya midomo. Mmoja alikuwa na damu iliyokauka kidevuni na tumbo limevimba kwa shibe. Tulikaa nusu saa. Mwanangu mdogo alinishika mkono muda wote ule, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na mkono wa kumpa.

Lushoto nayo tulirudi, mimi na mama na watoto, mwezi wa Desemba shule zilipofungwa. Hii niliendesha. Wiki moja kabla nilimpelekea fundi gari, nikamwambia linakwenda mlimani: breki zote nne, maji ya rejeta, mpira wa spea, jeki. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto vilikuwepo tayari. Badala ya kupita Chalinze nilipita Tegeta, Bunju, Bagamoyo, nikakata hadi Msata, barabara ya lami isiyo na malori mengi. Mama alilitazama daraja jipya la Wami, akakumbuka lile la zamani lililopitisha gari moja kwa zamu na kilima chake cha kutisha. Segera tulikula machungwa. Korogwe tulipumzika saa nzima bila sababu yoyote, kwa kuwa hakuna aliyetusubiri.

Soni nilisimama kabla hajaniomba. Mama alishuka, akavuka barabara polepole, akasimama akitazama maji. Akanionyesha basi lilipokuwa likigeuzia, na njia aliyobebewa sanduku na wanafunzi waliotumwa kumpokea. Palikuwa na kibanda cha kuuza chipsi mahali hapo. Akasema, "Nililia hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na baridi ile sijaijua." Hilo hakuwahi kuniambia. Tulikaa Soni karibu saa mbili, na shule yake tuliiona kesho yake, paa jipya, mti wa mparachichi uleule.

Hata kwenye safari ile ya kujiendesha kuna siku moja niliuacha ufunguo chumbani. Msitu wa Magamba sikuthubutu kuingia kwa kubahatisha, nikatafuta kijana mwenyeji kupitia nyumba ya wageni tuliyolala, nikamlipa nusu siku. Alipomwona mama alisema, "Shikamoo bibi. Leo tunakwenda kwa mwendo wako," na kweli hakumtangulia hata hatua tatu. Msambaa yule alijua jina la kila mti na dawa yake. Alisimama kwenye kijiti ambacho mimi nilikuwa nimeshakipita, akainua jani kwa ncha ya kidole: kinyonga, mrefu kama kidole changu cha kati, rangi ya ukoka, ana pembe mbili ndogo puani, jicho moja likitutazama sisi na la pili likitazama juu. Watoto walishusha pumzi kwa pamoja. Juu zaidi tulisikia mbega wakiruka, mikia meupe ikipita kati ya matawi.

Kushuka Mombo ndiko kunakohitaji akili, na wageni wengi wa mlima hukosea hapo. Usishuke kwa breki. Gia niliitoa D nikaweka 2, gari likajizuia lenyewe kwa injini, breki nikazigusa kwenye kona tu. Mbele yetu kulikuwa na pikapu iliyobeba kabichi, harufu ya breki zake ikiingia mpaka ndani kwetu, nikaiacha itangulie mbali. Tulisimama tena Soni, mama akanunua plamu ndoo nzima kwa ajili ya majirani.

Sasa watoto wanaitaka Hifadhi ya Nyerere, kupanda boti Mto Rufiji waone mamba na viboko. Nimeshaamua. Kutoka Kibiti kwenda Mloka kuna kipande kirefu kisicho na lami, IST yangu siipeleki, na mtoni mimi sijui kusoma maji. Nimempigia yule yule wa Mikumi. Mama anakuja pia, ila ameniuliza kama viti vya boti vina sehemu ya kuegemea mgongo. Nimeulizia. Vinayo.