Injini Isiyotulia na Hewa ya Mombasa

Injini ya kizamani inaweza kuficha ubovu wake barabarani, lakini haiwezi kuuficha gari likiwa limesimama. Gari linapokwenda kasi, kipepeo cha kabureta (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa katika kifaa kinachochanganya hewa na petroli) huwa wazi, hewa huingia kwa wingi, na ufa mdogo unaovujisha hewa haumshughulishi mtu. Mguu ukiondolewa kwenye eksleta, kipepeo hufunga, injini huachwa ijizungushe yenyewe kwa hewa kidogo sana, na hapo hewa ya wizi inayopenya kwenye ufa uleule hutosha kuharibu uwiano wote wa hewa na petroli. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Peugeot 504 yangu: ilipanda kilima cha Mazeras bila kunung'unika, kisha kwenye foleni ya feri ya Likoni ikatetemeka hadi kioo cha pembeni kisionyeshe chochote cha maana.

Mwenye 504 katika mji huu hakosi washauri. Gari hili lilitoka kiwandani Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na kwa miaka mingi liliunganishwa hapa hapa Mombasa, kwa hiyo kila mtu wa makamo ama alilimiliki, ama alisafiri ndani yake akiwa amebanwa kwenye viti vya nyuma vya matatu ya masafa marefu. Mmoja aliniambia nibadilishe kabureta. Mwingine aliniambia nizungushe skrubu ya petroli nusu mzunguko na nisahau habari hiyo. Wa tatu, ambaye alikaribia ukweli kuliko wote, aliniambia kwamba gari nililinunua Nairobi na sasa linashangaa hewa ya pwani.

Hoja hiyo ya tatu ina msingi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina akili ya kulitambua hilo. Jeti zake, yaani vitundu vya petroli, hupitisha petroli kwa mazoea yaleyale, na hewa inapopungua uzito, mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi. Mafundi wa Nairobi hurekebisha kwa kufunga skrubu ya mchanganyiko kidogo. Gari hilohilo likiteremshwa pwani, ambako hewa ni nzito, skrubu iliyofungwa kule huwa inanyima injini petroli. Ningeweza kuishia hapo, niifungue skrubu, nimshukuru mshauri wangu. Kilichonizuia ni kwamba tofauti ya mwinuko huathiri silinda zote kwa usawa, ilhali mtetemo wa gari langu ulikuwa na kilema, yaani mpigo mmoja ulikuwa dhaifu kuliko mingine.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Changamwe ambaye sote tunamwita Ami. Kijana wake alikuwa tayari ameshika bisibisi na kuielekeza kwenye kabureta. Ami akamzuia kwa upole: "Iache hiyo, mwanangu. Kabureta tutaigusa mwisho." Naamini katika agizo hilo fupi kuna nusu ya elimu yote ya kutafuta ubovu wa aina hii. Skrubu za kabureta zinaweza kufunika karibu kosa lolote kwa muda, na zikishachezewa, hakuna tena kipimo cha kulinganishia.

Tukaanza na moto, yaani umeme unaowasha petroli. Kontakti za distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme, zilikuwa zimeungua kidogo, tukazibadilisha pamoja na kondensa na kuweka mwanya wa milimita 0.4, plagi tukazirudisha kwenye milimita 0.6. Hapa pwani kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juu juu, nalo ni chumvi. Hewa yenye unyevu na chumvi huacha utando kwenye kifuniko cha distribyuta na kwenye nyaya za plagi, na umeme mkali wa koili hupata njia ya mkato juu ya utando huo badala ya kuruka ndani ya silinda. Njia ya kuuona ni kusubiri giza, kufungua boneti, kuwasha injini na kutazama bila taa: nyaya zikiwa mbovu, cheche ndogo za buluu hukimbia juu yake. Tulitazama baada ya magharibi na hatukuona kitu. Moto ulikuwa mzuri, na injini bado ilikuwa inamisi, yaani inakosa mpigo.

Plagi zenyewe ndizo zilizozungumza. Zote zilikuwa zimepauka, dalili ya mchanganyiko wenye petroli kidogo, lakini moja ilikuwa nyeupe kabisa. Kijana akasema ni ya silinda namba 1, Ami akamwuliza, "Kwa hesabu ya nani?" Peugeot hii huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), karibu na dereva, wala si kuanzia kwenye rejeta kama magari mengi aliyozoea. Tulipochomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira na kusikiliza injini inavyoshuka, tatu zilipochomolewa injini ilishuka waziwazi. Ile yenye plagi nyeupe ilipochomolewa, injini ilibadilika kidogo tu. Silinda hiyo ilikuwapo lakini haikuwa ikifanya kazi ya kutosha.

Kufikia hapo wengi wangefungua kichwa cha injini. Ami alitoa geji ya kupima mvuto wa hewa kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), chombo cha bei ndogo ambacho nadhani kimedharauliwa tangu magari yaanze kusomwa kwa kompyuta. Injini nzima iliyo usawa wa bahari inapaswa kuonyesha mvuto wa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki ikiwa inazunguka taratibu. Mombasa ni mahali pazuri pa kutumia kipimo hiki kwa sababu takwimu za kitabu zinatufaa kama zilivyo, wakati Nairobi ni lazima mtu atoe inchi 5 au zaidi. Geji yetu ilisimama karibu na 15. Kama sindano ingekuwa inaruka kwa mpangilio, tungeshuku valvu. Kama ingekuwa inapanda na kushuka polepole, tungeshuku mchanganyiko. Sindano iliyotulia chini humaanisha ama taimingi (wakati wa cheche kutoka) imechelewa, ama hewa inavuja. Taimingi ilikuwa mahali pake.

Kuna watu hutafuta mvujo kwa kunyunyizia petroli juu ya injini yenye moto, na sielewi wanavyobaki na nyusi zao. Sisi tulitumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia, tukizunguka gasketi ya chini ya kabureta na maungio ya manifoldi, na pia kipande cha mpira kilichowekwa sikioni, ncha nyingine ikipitishwa polepole kila mahali. Karibu na paipu ya busta ya breki, kifaa kinachotumia mvuto wa injini kurahisisha kukanyaga breki, palisikika mluzi mwembamba. Ami akaubana mpira wa paipu hiyo kwa koleo karibu na busta, injini isibadilike. Akaubana karibu na manifoldi, na papo hapo ule mpigo wenye kilema ukatoweka. Mvujo ulikuwa kati ya mahali pale pawili: upande wa chini wa mpira, usioonekana bila kuukunja, ulikuwa umepasuka. Mdomo wa paipu hiyo kwenye manifoldi uko jirani na ile silinda yenye plagi nyeupe, kwa hiyo silinda hiyo ndiyo iliyokuwa ikinywa hewa ya wizi kwanza, kama mtu anayevuta madafu kwa mrija uliotoboka.

Nilipofikiri baadaye, nilielewa kwa nini mwenye gari wa kwanza hakulalamika. Kule juu, hata skrubu ikiwa imefungwa kidogo, hewa nyepesi ilikuwa inafanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi, na ufa wa mpira ulikuwa unaongeza hewa. Makosa mawili yalifutana, na gari likatulia. Lilipoteremka pwani, kosa la kwanza lilibaki Nairobi na la pili likaja peke yake, likikuta skrubu iliyofungwa kwa ajili ya mji mwingine. Mshauri wangu wa tatu, kwa hiyo, alikuwa sahihi kuhusu hewa, ila dawa yake ingenifanya nimwage petroli juu ya ufa na kuendelea kuendesha gari ambalo msaada wake wa breki unategemea mpira uliopasuka. Jambo hilo la breki ndilo linalonitia baridi hata sasa, kuliko mtetemo wenyewe.

Mpira mpya lazima uwe wa mvuto wa hewa, wenye ukuta mnene. Mpira wa kawaida wa petroli hunywea ndani injini inapovuta. Tuliufunga pamoja na valvu mpya ya kuzuia hewa isirudi, na geji ikapanda hadi 18. Ndipo kijana akaruhusiwa bisibisi yake. Injini ikiwa moto, choki imefunguka kabisa, akaifungua skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo hadi mzunguko ulipofika juu kabisa, akairudisha kidogo, kisha akaweka kasi ya mizunguko 850 kwa dakika.

Bado kuna kazi. Ekseli ya kipepeo cha kabureta ina mchezo ukiitikisa kwa kidole, na hapo pia hewa kidogo inapita. Ami anataka kabureta ifunguliwe na ipelekwe kwa mkereza vyuma atengeneze bushi za shaba, na mimi nimemwomba asubiri mwisho wa mwezi.