Nilivyojipanga kwa mchujo wa ugavana wa Maine wenye wagombea wengi

Maine, jimbo la Marekani, inachagua gavana mpya mwaka 2026. Janet Mills anamaliza vipindi viwili mfululizo, na katiba ya jimbo haimruhusu cha tatu, kwa hiyo kiti kiko wazi na wagombea wamejitokeza kwa wingi. Upande wa Democrat walitangaza Shenna Bellows, Troy Jackson, Hannah Pingree, Angus King III na Nirav Shah. Upande wa Republican orodha ilikuwa ndefu zaidi, wakiwemo Bobby Charles, Jim Libby, Owen McCarthy, Garrett Mason na Jonathan Bush. Mchujo, ambapo kila chama huchagua mgombea wake, ni tarehe 9 Juni, na kura yake ni ya kupanga: unaweka wagombea nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Naeleza hapa nilivyojiandaa pamoja na majirani wanaozungumza Kiswahili hapa Lewiston, wengi wao raia wapya waliotoka Kongo, Burundi na Kenya.

Jambo la kwanza nililosisitiza halihusu wagombea. Anayepiga kura ni raia peke yake. Mwenye grini kadi, au anayesubiri kesi yake ya hifadhi, asijiandikishe hata akipewa fomu na mtu mwema barabarani. Kosa hilo linaweza kumfungia njia ya uraia. Aliye raia ambaye hajajiandikisha anaweza kufanya hivyo hata siku yenyewe kituoni. Asiye na chama huchagua karatasi ya chama kimoja tu. Utaratibu huo ulianza mwaka 2024. Aliye ndani ya chama na anataka kuhamia kingine asingoje, maana mlango hufungwa siku 15 kabla ya mchujo.

Sikuanza kulinganisha wagombea mapema. Kutangaza nia si kuwa kwenye karatasi: mgombea ugavana anatakiwa kuleta saini zisizopungua 2,000 za wanachama wa chama chake kufikia katikati ya Machi. Kabla ya hapo unaweza kusoma sera za mtu kwa wiki nzima, kisha usilione jina lake.

Kazi kubwa ilikuwa kuizoea karatasi yenyewe. Majina yako kwenye mistari, nafasi ziko kwenye safu, na makutano ya kila mstari na kila safu yana kiduara cha kujaza wino. Sisi tuliolelewa na kura ya alama moja tunajaza safu ya kwanza na kuondoka. Kwa Wakongomani ugeni ni mara mbili, kwa sababu kwao gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo, si na wananchi moja kwa moja.

Maelezo ya mdomo hayakutosha, hivyo tulipiga kura ya vyakula. Watu 15, vyakula vinne. Nafasi ya kwanza: wali 6, pilau 4, ndizi 3, chapati 2. Hakuna kilichopita nusu, kwa hiyo chapati, iliyokuwa ya mwisho, ikatoka. Wote wawili walioichagua walikuwa wameweka ndizi nafasi ya pili, ndizi ikafika 5. Sasa pilau ndiyo ya mwisho, ikatoka. Karatasi zake tatu zikaenda kwa ndizi. Ya nne haikuwa na jina lingine lolote, ikaishia hapo. Zikabaki karatasi hai 14: ndizi 8, wali 6. Chakula kilichoanza cha tatu kikashinda, na yule aliyeandika pilau peke yake hakuwa na sauti katika raundi ya mwisho. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini ajaze safu ya pili.

Swali lililorudi mara nyingi ni hili: nikimpa mwingine nafasi ya pili, si nitamdhuru wangu wa kwanza? Hapana. Nafasi ya pili haisomwi kabisa mpaka wa kwanza awe ameshatolewa.

Makosa yanayoharibu kura niliyaona kwenye karatasi za mazoezi, karibu yote yale yale. Mtu anampa mgombea mmoja safu zote akidhani anamwongezea nguvu. Inahesabiwa ile ya juu tu, nyingine ni wino wa bure. Mtu anajaza wagombea wawili kwenye safu moja: hesabu ikifika kwenye safu hiyo, karatasi inakufa. Kuruka safu moja si tatizo, inayofuata husogea juu. Kuruka mbili mfululizo kunakata kila kilicho mbele. Ukigundua kosa kabla ya kuingiza karatasi kwenye mashine, usifute wala usikwaruze. Irudishe kwa wasimamizi upewe nyingine.

Katika kupanga, mimi huanza chini. Naondoa kwanza nisiyemtaka kabisa, halafu nawapima waliobaki kwa mambo matatu tu: nyumba za kupanga, MaineCare (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), na msaada wa dharura ambao miji huwapa wasio na kipato. Ukipima mambo kumi, wote watafanana. Matokeo nayaandika kwenye kikaratasi, naenda nacho kituoni.

Asiyesoma Kiingereza ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Anayesaidia husoma na kujaza anachoambiwa, basi. Wazee wengi tuliwashauri wapige mapema kwa karani wa mji, ambako hakuna foleni wala haraka. Huhitaji kutoa sababu yoyote. Anayepiga akiwa nyumbani ahakikishe karatasi imefika kwa karani kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Kuitia posta siku hiyo ni kuchelewa.

Matokeo yanaweza kuchukua siku. Mwaka 2018 Democrat walikuwa na wagombea saba, mchujo ulifanyika 12 Juni, na Mills alithibitishwa 20 Juni kwa asilimia 54.1, baada ya kuanza na takribani theluthi moja. Karatasi husafirishwa hadi Augusta, mji mkuu wa jimbo, na kuhesabiwa huko raundi kwa raundi.

Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, tunaanza somo upya. Katiba ya jimbo inampa ugavana anayeongoza kwa kura, hata bila kufika nusu, na mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo ilitoa maoni kwamba kura ya kupanga haiendani na hilo. Ndiyo maana mwaka 2018 na 2022 mstari wa gavana Novemba ulikuwa na kiduara kimoja tu kwa kila jina, wakati kura ya Bunge la Marekani kwenye uchaguzi huo huo ilikuwa ya kupanga. Kwa hiyo nawafundisha kusoma maelekezo yaliyo juu ya kila shindano kabla ya kugusa kalamu: aliyezoea kupanga akijaza viduara viwili pale panapotakiwa kimoja, kura yake ya gavana haihesabiwi.