Nilivyochagua viungio vya mnyororo wa konveya mgodini

Kiungio kinachounganisha ncha mbili za mnyororo wa konveya kilikatika saa tisa usiku, na kufikia asubuhi karakana nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba kilikuwa dhaifu, hivyo kilichobaki ni kununua chenye nguvu zaidi. Wakati huo nilikuwa mhandisi wa mitambo katika mgodi mmoja wa makaa ya mawe mkoani Ruvuma, na mashine iliyosimama ilikuwa konveya ya kukokota makaa na kulishia krasha, yaani mtambo wa kuyaponda. Ndani yake hupita minyororo miwili sambamba, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukokota ambavyo mafundi wote walivizoea kwa jina la flaiti. Mnyororo mmoja unapokatika, flaiti hukaa mshazari, hukwama kwenye gia ya mbele, na malori yaliyotakiwa kuondoka na mzigo kuelekea Mtwara hubaki yamepanga foleni.

Mnyororo wetu ulikuwa wa 22 kwa 86, yaani chuma chenye kipenyo cha milimita 22 na nafasi ya ndani ya pingili yenye urefu wa milimita 86. Mnyororo wa daraja C wa ukubwa huo, kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 22252, hautakiwi kukatika chini ya kilonyutoni 610, ambazo ni kama tani 62. Msimamizi wa zamu alipendekeza tuagize viungio vinene zaidi, vya milimita 26. Nilimweleza kwamba kiungio hicho kina nafasi ya milimita 92, kwa hiyo kingezidi pingili zetu kwa milimita 6 na kisingekaa sawasawa kwenye gia, mbali na kwamba unene wake usingeruhusu pingili zetu kujipinda ndani yake kwa uhuru. Alinielewa, lakini aliniuliza swali la haki: kama si udhaifu, basi ni nini?

Aliyenisaidia kulijibu ni fundi mkongwe wa karakana. Nilipomwonyesha kiungio kilichovunjika alikigeuza mara mbili mkononi, akapitisha kidole juu ya alama zilizong'aa ubavuni, akasema, "Mwanangu, hiki kilikuwa kinalala. Viungio vyetu husimama." Nikamwomba, "Mzee, tukahesabu pingili pamoja?" Tulizima umeme, kila mmoja akafunga kufuli lake kwenye swichi, tukaingia kwenye konveya na chaki.

Pingili za mnyororo wa aina hii hupokezana: moja hulala, inayofuata husimama. Juu ya gia, pingili inayolala hukaa ndani ya kishimo na hiyo ndiyo inayovutwa na jino, ilhali inayosimama hupita katika mfereji uliochongwa katikati ya meno. Kila mnyororo wetu ulikuwa na vipande viwili na viungio viwili. Kipande chenye idadi witiri ya pingili kikianza na pingili inayolala huishia na inayolala, kwa hiyo viungio vyote husimama. Vipande vyetu, tulipohesabu, vyote vilikuwa na idadi shufwa. Siku chache kabla ya hapo mnyororo ulikuwa umelegea, na zamu iliyokuwepo ilikata pingili moja katika kila kipande ili kuukaza. Jumla ya mzunguko ilibaki shufwa, kama inavyotakiwa, mnyororo haukujisokota, na kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kipande cha shufwa kikianza na pingili inayolala huishia na inayosimama, hivyo kiungio kimoja katika kila mnyororo kililazimika kulala. Tangu hapo, kila mzunguko, kiungio ambacho umbo lake halikutengenezwa kwa kishimo kile kilikuwa kikipanda juu ya jino na kugongwa, hadi pini yake ikakatika na nusu zake zikaachana.

Ugunduzi huo ulibadilisha kabisa namna nilivyoandika ombi la manunuzi. Badala ya kuandika ukubwa na tani peke yake, niliandika kwamba kiungio kitasimama, nikaeleza upana na kina cha mfereji wa gia yetu kama nilivyoupima kwa kalipa, nikadai mchoro wenye vipimo vya nje, cheti cha majaribio chenye namba inayolingana na ile iliyogongwa kwenye chuma, na matokeo ya jaribio la uchovu. Jaribio hili la mwisho nililisisitiza sana, kwa sababu kiungio cha konveya hakiuawi na mvuto mmoja mkubwa bali na maelfu ya mivuto midogo.

Tulipata bei tatu. Ya kwanza, iliyokuwa nafuu kuliko zote, haikuwa na mchoro, na muuzaji alirudia tu kwamba bidhaa yake inabeba tani 62. Tuliiacha. Ya pili ilikuwa ya aina ya Kenter, yenye nusu mbili zinazobanwa na kipande cha katikati na pini, na karatasi zake zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa ya aina bapa, yenye nusu mbili za meno yanayoumana na pini ya springi. Kwa hizi mbili nilichora umbo la nje kwa vipimo halisi juu ya bati, tukalikata, tukalisimamisha ndani ya mfereji huku tukiizungusha gia kwa mkono. Kiolezo cha Kenter kiligusa ukingo wa mfereji, mahali palipokuwa pamevimba kwa kugongwagongwa. Kile cha bapa kilipita bila kugusa. Kwa gia mpya huenda vyote viwili vingepita, lakini mimi nilikuwa nachagua kwa ajili ya gia niliyokuwa nayo.

Kabla ya kuagiza nilipima pia uchakavu wa mnyororo wenyewe. Pingili 10 zilizotakiwa kuwa na milimita 860 zilisoma 871, urefu uliokuwa bado chini ya kikomo cha asilimia 2 tulichojiwekea. Kama ungekuwa umerefuka zaidi ya hapo ningeomba mnyororo mpya, maana kiungio kipya katikati ya pingili zilizorefuka hakiwezi kuingia kwenye gia kwa mwendo mmoja na wenzake.

Siku ya kufunga, tulirudisha kila kipande kwenye idadi witiri, tukaweka viungio vya mnyororo wa kulia na wa kushoto mkabala, katikati ya flaiti moja na nyingine. Nusu za kila kiungio tulizitunza pamoja kwa sababu huchongwa kwa jozi. Kijana mmoja alishauri tuzidishe usalama kwa kuchomelea nukta ndogo juu ya pini ili isitoke. Nilimkatalia palepale, nikamweleza kwamba chuma hiki hupata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kuchomelea huacha sehemu kavu inayopasuka kama kigae.

Tuliiwasha mashine tupu, tukaikagua baada ya saa moja, kisha tukaipa makaa. Miezi kumi na moja baadaye, tulipovifungua viungio hivyo kubadili flaiti zilizolika, meno yake yalikuwa bado yanaumana bila kucheza. Tulitupa pini tu, tukaweka mpya, na yule mzee akaandika kwa chaki kwenye ubavu wa konveya idadi ya pingili za kila kipande.