Marehemu Hajambo

Leo mlima umefunguka mapema. Saa kumi na mbili na nusu Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye barafu, ilikuwa wazi, na baba mdogo yuko uani na kikombe chake cha chai. "Njoo uone," akaniita, "marehemu wako hajambo."

Utani huo haujakoma tangu 2020. Enzi nilipokuwa mgumu, yaani mpagazi, nabeba mizigo ya wageni njia ya Machame, niliwaambia wote: pigeni picha, ikifika 2020 barafu hii hamtaikuta. Sikujitungia. Mwaka 2000 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walikwenda kuitoboa ili kuichunguza, na 2002 wakaandika kwamba kwa kasi ile itakwisha kati ya 2015 na 2020. Hesabu ilikuwa nyepesi mno: kilomita za mraba 12 mwaka 1912, 2.6 mwaka 2000. Vuta mstari, ushuke hadi sifuri.

Barafu haikufuata mstari. Imekonda vibaya, lakini ipo. UNESCO sasa inataja 2050. Baba mdogo anasema tumeahirisha mazishi.

Tarehe nimeshaisamehe. Kinachonikosesha raha ni muuaji, ambaye wengi wanasema ni joto la dunia. Kule kileleni hewa haifiki nyuzi 0 karibu mwaka mzima, sasa joto linayeyushaje? Watafiti wengine wa barafu, Georg Kaser na Thomas Mölg, walisema tazameni jua na ukavu: theluji mpya ilianza kuadimika mwishoni mwa karne ya 19, magari yenyewe yakiwa bado machache duniani, na barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Niliwahi kuvua glavu nikashika ukuta mmoja wa barafu kule juu, jua likiwaka. Kiganja kilitoka kikavu, kama nimeshika chaki. Siku hiyo niliwaamini kabisa.

Ila Thompson naye alionyesha dalili za kuyeyuka kwenye tabaka la juu la barafu, ambazo hakuziona chini, kwenye barafu ya maelfu ya miaka. Na huo ukavu unaamuliwa na Bahari ya Hindi, ambayo nayo inazidi kupata joto. Ukimfukuza mshtakiwa mlangoni, anaingia kwa dirishani.

Nilimweleza baba mdogo yote haya. Alisikiliza kwa heshima, maana mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia shamba, haunywi barafu. Unaletewa maji na mvua ya msituni.

"Sawa," akasema. "Na vuli ya mwaka huu?"

Nikamwambia sijui. Akamwagia mgomba masalia ya chai, akaenda kutafuta jembe.